Salamu za Jumamosi

Kila Jumamosi ikifika saa kumi jioni, Mzee Ramadhani alikuwa anakumbuka kazi nyuma ya nyumba. Kazi yenyewe haikuwapo. Mundu alishaunoa asubuhi, kuni zilishapangwa, na mbuzi wake walijua kula bila kutazamwa. Lakini atainuka kwenye kiti, atajikohoza, atasema, "Ngoja nikaangalie kule," na hatasema kule ni wapi. Atazunguka nyumba mpaka chini ya dirisha la sebule, penye mti wa plamsi, aegemeze mgongo ukutani, uso ukitazama mashamba ya kabichi bondeni na masikio yakiwa ndani.

Ndani, mkewe Mwanahamisi alikuwa anasubiri afike. Akisikia kandambili zimetulia, anaongeza sauti ya redio na kusukuma ubao wa dirisha uache upenyo. Halafu anarudi kuchambua maharage yake kama mtu asiyejua lolote. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo, hata siku moja. Watu wakikaa sana kwenye ndoa, yapo mambo wanayoyafanya pamoja bila kuambizana.

Redio ilikuwa Ukungu FM, ya pale Lushoto mjini. Kipindi kiliitwa Salamu na Zilipendwa, na mtangazaji wake alikuwa Yudith, mama mmoja mwenye sauti isiyo na haraka, sauti ya mtu aliyekula akashiba. Watu walimtumia meseji, naye akasoma majina yote, hata yawe thelathini, haruki hata moja. Mchuma chai wa Mponde anamsalimia shemeji yake anayeuza matunda Mombo. Fundi cherehani wa Soni anawasalimia wote wanaomdai, anasema wavute subira. Watu wanacheka, kisha linapigwa dansi la zamani, lile lenye magitaa yanayojibizana na tarumbeta za kufungia.

Na katikati ya majina hayo, karibu kila Jumamosi, Yudith alisoma hivi: "Selemani Msafiri, kutoka hukohuko aliko, anamsalimia mama yake mzazi Mwanahamisi wa Ubiri, dada yake Husna aliyeolewa Soni, na mzee. Anasema yeye ni mzima. Anaomba ule wimbo wake."

Na mzee. Basi, bila jina. Ilimtosha yule mzee wa dirishani kuishi nayo mpaka Jumamosi nyingine.

Sasa msianze kumhurumia mapema. Hayo aliyataka mwenyewe. Selemani ni mwanawe wa kumzaa, wa kiume pekee, na alimfukuza kwa mdomo wake. Kijana alimpenda Loyce, binti wa wachuma chai wa Mponde, watu waliotoka Mbeya zamani kufuata kazi, Walutheri. Mzee akasema hapana. Kijana akasema, kwa adabu zote, kwamba ameshatoa neno lake kwa yule binti na wazazi wake. Hapo ndipo ukaidi ulipompanda mzee kichwani. Ijumaa, watu wametoka kuswali, wako nje wanavaa viatu, akala yamini mbele yao wote: wallahi, Selemani hatakanyaga kwake, simu yake haitapokelewa kwake, na jina lake halitasikika chini ya paa lake.

Mwanaume mzima anajifunga kamba namna ile, tena mbele ya watu, halafu anakwenda nyumbani kula chakula. Hasira hasara, wahenga walishamaliza.

Mwanahamisi alitii. Yeye aliyekuwa akimwita mumewe Baba Selemani tangu siku ya arobaini ya yule mtoto, akaanza kumwita Baba Husna, na mara za mwanzo ulimi ulikuwa unajikwaa. Selemani alipompigia simu, alikata. Akapiga tena, akakata tena, machozi yanamtoka huku kidole kinabonyeza. Mara ya tatu hakupiga. Mumewe akamwambia afute ile namba, naye akaifuta mbele yake, akamwonyesha.

Kisha Jumamosi moja Yudith akalisoma lile jina sebuleni. Mzee akanyanyuka kama aliyeungua, akatoka nje. Kila mtu angedhani amekasirika. Mwanahamisi peke yake ndiye aliyesikia kandambili hazikwenda mbali. Kiapo kilisema chini ya paa. Ukutani, chini ya mti wa plamsi, hakuna paa. Mzee mzima alitafuta tundu kwenye kiapo chake mwenyewe kama panya, akalipata, na akawa anapitia hapo kila wiki.

Mambo yakaenda hivyo mvua zikaja zikapita, karoti zikapandwa zikang'olewa. Mpaka Jumamosi ile Yudith aliposoma majina yaleyale, akacheka peke yake hewani, akasema, "Na hapa kuna nyongeza. Ramadhani mdogo, ambaye wiki hii amesimama dede, anamsalimia babu yake, wajina wake. Haya babu, popote ulipo, umesalimiwa."

Mzee alishika shina la plamsi. Walimpa mtoto jina lake. Baada ya yote aliyoyasema mbele ya msikiti, yule binti wa Kilutheri aliyekataliwa kabla hajaonwa uso alikubali kila asubuhi amwite mwanawe Ramadhani. Alilia pale ukutani mpaka wimbo ukaisha, ule wenye saksafoni mwanzoni, wa mtu aliye safarini anayeuliza kama kwao mvua imenyesha. Alipoingia ndani macho yalikuwa mekundu. Mwanahamisi alimtazama.

"Moshi," mzee alisema. "Jirani anachoma takataka."

"Huyo jirani naye," Mwanahamisi akasema, akamsogezea chai.

Waswahili husema majuto ni mjukuu. Kwa huyu mzee mjukuu alitangulia, majuto yakafuata siku ileile.

Jumapili yake alikwenda kwa Sheikh Abubakari, akazunguka maneno weee, akaongelea bei ya kabichi, akaongelea barabara, mwisho akauliza: mtu akila yamini ya kijinga, anafanyaje? Sheikh alijua anaongea na nani. Siku ile msikitini alikuwapo. Akamjibu taratibu kwamba Mungu hakumwachia mja mlango mmoja tu. Kiapo kina kafara yake. Alishe maskini kumi, na kama hana uwezo huo, afunge siku tatu.

"Tatu tu?" mzee aliuliza.

"Tatu tu, Mzee Ramadhani. Ungekuja mapema ningekwambia mapema."

Akaenda zake. Alilisha, na kufunga alifunga pia, asije akadaiwa. Hakumwambia mtu. Mwanahamisi aliona kikombe cha asubuhi kinarudi kimejaa, akakimwaga bila kuuliza, na jioni akapika uji mwingi kuliko kawaida.

Wiki ile mzee alikuwa shambani anasema peke yake. Anapalilia karoti na midomo inacheza. Alikuwa anatunga salamu. Hakutaka meseji. Kipindi kile mwishoni kilipokea simu za wasikilizaji, na namba Yudith alikuwa anaitaja kila mara, hata mtoto angeishika. Alitaka apige mwenyewe, asikike kwa sauti yake, wale wote waliosikia yamini wasikie na hili. Alianza na maneno mengi, akayapunguza siku baada ya siku mpaka yakabaki haya: Mzee Ramadhani wa Ubiri anamsalimia wajina wake, Ramadhani mdogo. Anamsalimia Selemani, mwanawe. Anamsalimia mkwewe Loyce. Anasema rudini nyumbani, mlango uko wazi, kosa lilikuwa langu.

Yale matatu ya mwisho yalimsumbua sana. Aliyatoa, akayarudisha. Ijumaa jioni, ameinama kwenye mfereji wa maji, aliyatamka yote bila kukwama, na akajisikia mwepesi.

Jumamosi saa kumi ilipokaribia hakutoka nje. Alikaa kwenye kiti chake, chini ya paa lake, kofia safi kichwani, akanyoosha mkono.

"Nipe simu yako," akamwambia mkewe. "Leo nitawasalimu watu."

Mwanahamisi aliweka chini ungo wa maharage. Alijifuta mikono kwenye khanga, upande mmoja na upande wa pili, akampa ile simu, akakaa karibu naye, karibu kuliko walivyozoea kukaa mchana.

Saa kumi ikafika. Ile tuni ya mwanzo haikuja. Ikaja ngoma, zile za singeli zinazokimbia kama zinafukuzwa na mbwa, na kijana mmoja akapayuka kwamba hii ni Ukungu FM mpya, mlima unawaka, mambo ya kale yamekwisha, ni muziki wa moto kutwa kucha. Mzee alidhani amegusa kitufe. Akatafuta stesheni, akapita Waarabu, akapita wahubiri, akarudi palepale. Palikuwa penyewe. Alipiga ile namba. Iliita, iliita, ikakata. Akapiga tena. Walikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi, redio inapiga kelele katikati yao, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuizima.

Jumatatu alivaa kanzu na koti juu, akashuka Lushoto. Ofisi za redio zilikuwa ghorofani, juu ya duka la pembejeo. Pale mapokezi alikaa binti wa jirani yake wa hukohuko Ubiri, na hilo halikumfurahisha. Alimpokea meneja mpya, kijana anaitwa Elisante, ambaye hakuwa na ubaya wowote. Alisimama, akamwamkia shikamoo, akampa kiti, akaagiza chai. Vijana wengine wawili walikuwa mle ndani na kompyuta zao.

"Nimekuja kwa ajili ya kile kipindi," mzee alisema. "Cha Jumamosi."

"Zilipendwa." Elisante alitikisa kichwa kwa huruma. "Mzee wangu, si wewe peke yako. Lakini redio imepata mwenye mali mwingine, na wenye matangazo wanataka vijana. Tungeendelea vile tungefunga milango. Bora tumebadilisha muziki kuliko kuzima mitambo."

"Na Yudith?"

"Mama Yudith tuliagana naye vizuri. Amekwenda kwao Singida."

"Na zile salamu?"

"Salamu siku hizi kila mtu anatuma kwa simu yake, mzee. Anayemtaka mtu wake anampigia."

Hapo ndipo penyewe. Hapo ndipo alipotakiwa kusema: mimi siwezi kumpigia, nilimfukuza, sijui aliko, namba tuliifuta, na nyinyi ndio mliokuwa daraja. Akamwona binti wa jirani mlangoni na trei ya chai, ameegesha sikio. Akaona jioni ile habari imefika Ubiri kabla yake, kwamba Mzee Ramadhani amekwenda kulia redioni. Siku zote alizowaza kuwatangazia watu, aliwaza atatangaza akiwa kwenye kiti chake, kwa sauti aliyoichagua. Hakuwaza atasema akitazamwa.

"Mimi napenda tu zile nyimbo," alisema.

Juu ya meza, baina yake na Elisante, kulikuwa na simu ndogo ya vitufe imechomekwa kwenye chaji, mgongoni ina karatasi imegundishwa kwa gundi, imeandikwa SALAMU. Iliwaka, ikazima, ikawaka tena. Mzee aliitazama. Mkono wake ulikuwa hapohapo mezani. Aliitazama tu, kama unavyotazama kitu cha watu.

Elisante alifurahi kupata jambo analoweza kulitatua. Akaongea na mmoja wa wale vijana, wakafungua makabrasha kwenye kompyuta, na kabla chai haijapoa walikuwa wamemjazia nyimbo zote za kile kipindi kwenye flashi. Hakutaka hata senti. "Zote zimo humo, mzee. Chomeka kwenye redio yako, usikilize siku unayotaka, huna haja ya kusubiri Jumamosi." Akamshika mkono kwa mikono miwili, akamsindikiza hadi kwenye ngazi. Mzee akashukuru. Angefanya nini tena.

Nyumbani Mwanahamisi alimsubiri mlangoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaigeuza ile flashi kiganjani.

"Na namba?" akauliza.

"Namba gani?"

"Ya mtoto. Si alikuwa anawatumia meseji? Wao wanayo. Uliwaomba?"

Mzee alikaa chini, palepale kizingitini. Akaiona ile simu ya vitufe inawaka na kuzima mbele yake. Mungu wangu. Alikaa nayo meza moja, akanywa chai, akaondoka na muziki.

Asubuhi alikuwa Lushoto kabla duka la pembejeo halijafunguliwa. Elisante alipofika akamkuta amekaa kwenye ngazi, na safari hii mzee hakujali nani yuko mlangoni wala nani anasikia. Alisema yote. Alisema kiapo, alisema Loyce, alisema mtoto aliyesimama dede. Binti wa jirani alishika mdomo. Elisante alisikiliza, na uso wake ukawa unabadilika kidogokidogo.

"Mzee wangu," alisema, "ile simu jana jioni tumeifuta. Laini tumeitupa, simu amepewa kijana wa matangazo. Ungeniambia jana. Mbona hukuniambia jana?"

Elisante, kijana wa watu, alihangaika. Alimpigia Yudith huko Singida, ambaye alilia kwenye simu, akasema anamkumbuka sana Selemani Msafiri lakini namba zote zilikuwa kwenye laini ya ofisi. Akasema kitu kimoja zaidi: yule kijana aliwahi kumuuliza, hivi mzee wangu huwa anasikiliza? Na yeye Yudith alimjibu, mwanangu, mimi niko studio, nitajuaje.

Wakaamua kutangaza. Jioni ile kijana wa singeli alipunguza ngoma, hakuzizima, akapayuka: oya, Selemani Msafiri popote ulipo, dingi yako wa Ubiri anakutafuta, kama unanipata nipigie kelele. Akaongeza ngoma. Alirudia kesho yake na kesho kutwa. Simu hazikukosekana, walipiga watoto wa shule wanaotaka nyimbo. Selemani hakupiga. Ilikuwa wazi kwa nini, ingawa mzee alichukua siku nyingi kukubali. Mtu aliyekuwa akiifungua redio ile kwa sababu ya kipindi kile alishaifunga. Alikuwa na sababu moja tu ya kusikiliza, nayo waliiondoa.

Husna naye hakuwa na namba, na wazazi wa Loyce walishahama Mponde, ila jirani zao walisikia kwamba vijana wako Mombo. Mzee alipanda lori la mboga mpaka huko, akauliza kwa wapakia mizigo na kwa mama wauza matunda wote wa barabarani. Mmoja akasema ndiyo, alikuwapo Mshambaa mmoja, mpole, mkewe mrefu, mtoto wao mnene anacheka na kila mtu. Walikuwa na redio wameitundika dirishani. Wamehama. Wengine walisema wameelekea Zirai kwenye mashamba, wengine wakasema Kilombero, wengine wakasema hawajui. Mzee alikwenda Zirai. Hawakuwapo. Mama wa Mombo alimwambia neno moja alilorudi nalo nyumbani: yule kijana Jumamosi ile redio ilipobadilika alikaa nayo mpaka giza, anageuza stesheni, kisha akamwambia mkewe, "Basi, mzee kawaambia waache, amefunga na hili dirisha."

Hilo halikumtoka tena. Mzee alikuwa na msamaha mkononi, na mtoto amekwenda na imani kwamba amenyimwa hata salamu.

Ikapita miezi. Mwanahamisi alianza tena kumwita Baba Selemani, naye aliitika. Jumamosi moja, baridi ya Julai imeshuka na ukungu umekaa mlangoni, Mwanahamisi aliitoa ile flashi kwenye mfuko wa koti, akaifuta kwa khanga, akaichomeka kwenye redio. Magitaa yakaanza. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, unaisha huu unaanza ule, hapana mtu katikati, hapana anayecheka peke yake hewani, hapana shemeji wa Mombo wala fundi cherehani na wanaomdai. Nyimbo zilikuwa nzuri kama zamani.

Kisha ikaingia ile saksafoni.

Mzee alijikohoza. Akainuka kwenye kiti, kwa tabu, mkono kiunoni. "Ngoja nikaangalie kule," akasema.

Hakukuwa na kiapo tena, angeweza kukaa. Mwanahamisi hakumkumbusha. Alisikiliza kandambili zikizunguka nyumba, zikatulia. Akaongeza sauti. Akasukuma ubao wa dirisha, ukungu ukaingia mpaka ndani.

Mtu wa kwenye wimbo aliuliza kama kwao mvua imenyesha, akauliza tena, tarumbeta zikafunga. Pakawa na kile kimya kidogo cha flashi, kabla wimbo mwingine haujaanza. Mwingine ukaanza. Ukaisha. Ukaanza mwingine.

"Baba Selemani," Mwanahamisi aliita dirishani, "ingia ndani, baba. Baridi."

"Nakuja," alijibu kutoka chini ya mti wa plamsi. "Ngoja kwanza. Hawajasoma majina."